Kinga ya Bernadina

Nangara, Babati
12 Januari 2025

Shangazi Leonia,

Shikamoo. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua, nikishika simu maneno yananikimbia. Siku ya Krismasi ulisema "haloo" mara sita na mimi nipo tu, napumua. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri.

Hapa tu wazima. Bibi Rosa magoti bado yanamsumbua lakini amekataa fimbo, anasema fimbo ni ya wazee. Mama anakusalimu. Baba amepata kazi ya mageti mawili ya shule, kutwa yuko kwenye kibanda chake akichomelea, jioni anarudi macho mekundu kwa moshi. Mahindi ya shamba la Mutuka yamefika magotini. Asante kwa sweta. Naivaa kanisani hata jua likiwaka, na Mama ameacha kuniuliza kama naumwa.

Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka. Tangu tumalize mtihani nimekuwa mtu wa kuchota maji na kupalilia, ndiyo maana Mwalimu Josephine aliponiita nilikwenda. Ni mwalimu wa michezo aliyestaafu. Shule moja ya huko kwenu Moshi ilimpa magongo ya zamani, na kila Jumamosi jioni anatukusanya kwenye uwanja wa Bonga tucheze mpira wa magongo. Hatushindanii kikombe. Wapo waliomaliza shule kama mimi, yupo Tunu anayeuza vitenge sokoni, wapo na akina baba wenye vitambi. Tunacheza kwa kujifurahisha tu.

Shangazi, nimeupenda mchezo huu mpaka najishangaa. Nina tatizo moja. Nikichekeshwa, mkono wa kushoto unapanda wenyewe kufunika mdomo, gongo linabaki kwenye mkono mmoja na mpira unapita. Meno yangu unayajua, rangi ya chai, kama ya wengi tuliokulia maji ya visima vya huku. Mwalimu ananipigia kelele, "Mikono miwili, Bernadina! Huo mdomo hauibiwi!" Natamani kucheka kama wewe, mdomo wazi, meno meupe.

Mama Remigius, jirani yetu, alikuja kumwambia Mama kwamba amesikia mimi siku hizi kila Jumamosi niko kwenye gongo. Mama nusura aanguke. Ilibidi nikalete gongo lenyewe, la mti, aone kwamba si ile pombe. Baba bado hajui ni mchezo gani, anajua nakwenda mazoezi. Lakini Bibi aliposikia neno magongo aliacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Leonia anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Mwandikie."

Basi nimekuandikia. Kwani wewe uliwahi kucheza?

Akupendaye na asiyejua kuongea,
Bernadina


Moshi
6 Februari 2025

Dina mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliichukua stendi nikaisoma nikiwa nimeegemea ukuta, watu wakanipita. Hongera sana kwa daraja la pili! Nililiona jina lako kwenye simu ya mwenzangu kazini nikapiga vigelegele mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti akafungua mdomo zaidi. Umetutoa kimasomaso.

Mimi mzima. Karakana yetu ya meno ya bandia imezidiwa na kazi. Wiki hii nimetengeneza seti nne, moja ya mzee mmoja katekista anayetaka niache mwanya mbele kama alivyokuwa nao zamani, eti asipokuwa nao waumini hawatamjua. Nimemwachia mwanya wake. Mwambie Bibi naye nitamtengenezea fimbo isiyofanana na fimbo.

Sasa nijibu, tena kwa ukweli. Mnavaa nini usoni? Mnavaa nini mdomoni? Ule mpira ni mgumu kama jiwe, na kama uwanja wenu wa Bonga ni ule ninaoufahamu, una kokoto. Mpira ukigonga kokoto hauulizi njia, unaruka. Na gongo la mwenzako likinyanyuliwa, mdomo wako uko pale pale linapopita. Mtu huwa anasema "mimi nacheza polepole tu". Meno hayajui kama ulikuwa unacheza polepole.

Nakutumia kinga ya meno. Ni ya mpira laini, ya bluu. Chemsha maji, yaepue, yatulie kidogo, itumbukize uhesabu mpaka ishirini, kisha itoe uiweke kwenye meno ya juu. Ing'ate, bonyeza kwa ulimi, nyonya, mpaka ishike umbo la meno yako. Usiichemshie kwenye sufuria ya maharage. Ukimaliza kucheza ioshe kwa maji baridi, uihifadhi kwenye kikopo chake. Usimwazime mtu, hata Tunu. Hiyo ni ya mwanzo tu. Inayofaa zaidi ni ile inayotengenezwa kwa kuchukua alama ya meno ya mtu mwenyewe, na hiyo nitakutengenezea siku tukionana.

Nimeandika juu ya kifurushi kwa herufi kubwa ili kisipotee.

Uliniuliza na jambo jingine. Karatasi imeisha.

Shangazi yako,
Leonia


Nangara, Babati
2 Machi 2025

Shangazi Leonia,

Shikamoo. Asante kwa kinga. Imefika. Nitakueleza ilivyofika, na tafadhali usicheke mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni hakuna kicheko.

Bibi hajambo, ila mvua zimechelewa na ana wasiwasi na mbaazi. Mama anafunga Kwaresima mapema kabla ya Jumatano ya Majivu, anasema ni kwa ajili yangu. Utaona kwa nini.

Baba ndiye aliyekwenda stendi. Juu ya kifurushi uliandika kwa wino mwekundu: KINGA YA BERNADINA. ATUMIE KILA JUMAMOSI BILA KUONA HAYA.

Alirudi amekificha ndani ya koti. Saa tano asubuhi akamwambia Mama, "Funga mlango." Akamwita Bibi. Mimi nikakalishwa kwenye kigoda katikati yao. Akakiweka mezani kama kitu kinachounguza.

"Bernadina. Jumamosi huwa unakwenda wapi?"

"Mazoezi, Baba."

"Mazoezi gani yanayohitaji kinga?"

Hapo ndipo nilipoelewa anafikiria kinga gani. Ni ile ya kwenye mabango ya zahanati. Shangazi, nilitaka ardhi inimeze. Maneno yakakwama, na yaliyotoka yakaharibu zaidi. Nikasema, "Si mimi peke yangu, Baba. Mwalimu Josephine anataka wote tuwe nazo."

Mama akakaa chini sakafuni. "Yesu wangu. Na mwalimu?"

"Na shangazi mzima ndiye anayemtumia!" Baba akasema. "Kwa basi! Kondakta amesoma, wapiga debe wamesoma, stendi nzima imesoma!"

Bibi akasema, "Xavery, fungua. Huwezi kugombana na bahasha."

Akafungua huku ametazama pembeni. Ikaanguka mezani, ya bluu, imejikunja kama ufizi. Bibi akaiokota, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza, "Sasa haya ni meno ya nani?"

Baba alicheka mpaka akashika meza. Mama akaanza kucheka na kulia. Bibi akajaribu kuipachika mdomoni mwake, Mama akamnyang'anya. Sijawahi kumwona Baba hivyo tangu nizaliwe, machozi yanamtoka, anarudia, "Meno ya nani!"

Akajifuta uso. Akaniuliza, bado anatabasamu, "Haya, ni ya mchezo gani?"

Nikasema, "Mpira wa magongo, Baba."

Kicheko kikakatika kama umeme. Akairudisha kinga kwenye kifurushi, akakikunja juu mara mbili. "Hutacheza."

"Baba..."

"Nimesema."

Akatoka akaiacha chai yake. Bibi hakumtetea wala hakunitetea. Alikuwa anatazama mlangoni.

Sikubishana. Gongo nimelirudisha kwa Mwalimu. Lakini jana nyumba ilipokuwa tupu nilichemsha maji, nikafanya kama ulivyoelekeza. Ilinikaa sawasawa. Nikajitazama kwenye kioo nikacheka. Meno yote yalikuwa ya bluu. Shangazi, mkono wangu haukupanda. Nilisimama pale nikicheka peke yangu kama mjinga, mikono iko chini.

Kwa hiyo asante, hata kama sitaitumia.

Ila barua yako ilisema karatasi imeisha, na nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe.

Mtoto wako,
Bernadina


Moshi
27 Aprili 2025

Dina mwanangu,

Marahaba, na heri ya Pasaka iliyopita. Najua unahesabu wiki. Nimeianza barua hii mara nne. Mara ya kwanza niliandika habari za kazi tu nikaichana, na zilizofuata nikazichana vilevile.

Kwa jambo la kifurushi, niombee radhi kwa Mama yako. Nimekaa na madaktari wa meno miaka mingi mpaka nimesahau neno hilo watu wengine wanalitumiaje. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta. Kisha nikafika pale kicheko cha baba yako kilipokatika, na mimi nikaacha.

Nusu ile nyeupe ilikuwa ya haya ninayoandika sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba yako kumi na minne. Tulikuwa tukiishi Mutuka. Kuna mwalimu mgeni aliyetuonyesha mpira wa magongo shuleni muhula mmoja, akahamishwa, na sisi tukaendelea wenyewe. Tulichonga magongo. Mpira tuliufunga kwa matambara na vipande vya tyubu ya baiskeli, na katikati tukaweka jiwe ili uende mbali. Wazo la jiwe lilikuwa langu. Siku hiyo aliinua gongo apige, na mimi nikainama kumpokonya mpira. Hakuniona. Meno mawili ya mbele yalitoka pale pale. Niliyatafuta kwenye vumbi, nikidhani yanaweza kurudishwa.

Nyumbani nilisema nimeteleza kisimani nikaangukia mawe. Baba yako alisimama mlangoni akisubiri nimtaje. Sikumtaja. Babu yako alikuwa na mkono mzito, nikaona nimemwokoa kaka yangu.

Watu wakaja. Majirani, walimu, hata padri. Wote walinipa pole na mimi nikawajibu "nimeshapoa", mdomo umevimba siwezi hata kunywa uji. Baba yako peke yake hakunipa pole. Angeanzaje? Angefungua mdomo tu, angelia, na Bibi angeuliza analilia nini. Nilidhani nimemficha, kumbe nilimfungia nje. Ni miaka thelathini na moja. Nikipiga simu namwambia "shikamoo, kaka", ananijibu "marahaba", kisha "ongea na Mama", na simu inahama.

Meno unayoyasifu, Dina, mawili ya mbele ni ya bandia. Niliyatengeneza mwenyewe mwaka wa pili wa chuo, na ndiyo yaliyonifanya nisomee kazi hii. Yale ya kweli yalikuwa rangi ya chai kama yako. Haya meupe nayasugua kila siku na nashukuru kuwa nayo, lakini ungeniletea yale yangu kwenye kiganja, ningeyachagua yale. Usije ukafikiri kwamba meno yako hayafai kulindwa kwa sababu ya rangi.

Sikudanganyi kuhusu kinga. Haizuii kila kitu. Inapunguza. Inalinda meno na midomo, hailindi jicho wala shavu. Wenzenu wanaojua, kwenye kona fupi, ile adhabu ya kupigiwa mpira kwa nguvu karibu na goli, wale wanaolinda goli huvaa barakoa ngumu ya uso, na golikipa huvaa kofia kamili. Baba yako anajua vizuri kuliko wote hapo Nangara kwamba uso wa mtu ni mwepesi kuumia. Hachukii mchezo wako. Anaogopa siku ile isije ikarudi kwako.

Barua hii ifiche au mwonyeshe. Una miaka kumi na minane, nakuachia uamue.

Shangazi yako,
Leonia


Nangara, Babati
18 Mei 2025

Shangazi Leonia,

Shikamoo. Pole. Najua wengi wameshakuambia, lakini mimi sikuwa nimezaliwa, kwa hiyo nina haki ya kuchelewa.

Tu wazima. Maharage tumevuna, si mabaya. Bibi amekubali fimbo baada ya Mama kumwambia ni gongo.

Barua yako nilikaa nayo siku tatu. Kumwambia Baba kwa mdomo nisingeweza. Jumatatu asubuhi kabla hajaamka nilikwenda kibandani kwake nikaiweka chini ya kofia yake ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima yenye kioo cheusi. Huwa hagusi kazi bila kuivaa, hata kwa doa dogo la kuchomelea. Nimeiona kofia hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini ana ukali nayo hivyo.

Siku nne zikapita. Sikujua kama nimefanya vema. Jumamosi ya tarehe kumi, saa tisa, akasimama mlangoni na baiskeli. "Chukua ile kinga yako. Panda."

Kwenye usukani alikuwa ametundika kofia ya kuchomelea.

Tulipofika Bonga wenzangu wote wakaacha kucheza. Baba akamwamkia Mwalimu Josephine, kisha akatugeukia. "Nani hapa ana kinga ya mdomo?"

Tunu akasema, "Mzee, sisi tuna sala tu."

"Na usoni?"

"Barakoa? Kwani corona imerudi?" Tunu akauliza.

Baba hakucheka. Akanivika kofia yake. "Cheza na hii."

Shangazi, ilikuwa giza kama ndani ya chungu. Nikainama nikitafuta mpira kwa gongo kama kipofu. Nikasema, "Baba, sioni mpira."

Tunu akasema, "Mzee, tunacheza au tunachomelea geti?"

Uwanja mzima ukacheka, na Baba akacheka kidogo, akaivua kofia kichwani mwangu. Akaishika tumboni kwa mikono miwili. Akamwambia Mwalimu kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Niliwahi kumwumiza mtu kwa mchezo huu. Ndiyo maana."

Mwalimu hakuuliza nani. Walizungumza muda mrefu kwenye goli. Wakatoka na masharti: hakuna kuinua gongo kupita kiuno, hakuna kupiga mpira wa juu, na kona fupi hazichezwi mpaka zipatikane barakoa za kweli. Muhammad, golikipa wetu, alishukuru kuliko wote. Alikuwa anadaka na miwani tu. Mwalimu alimnyang'anya miwani hapo hapo, na kwa kuwa bila miwani haoni, siku hiyo tulicheza bila golikipa.

Nikavaa kinga yangu. Nikashika gongo kwa mikono miwili. Wakati fulani Tunu alikuwa na mpira na mimi niko peke yangu mbele, na nikasikia mtu anaita, "Nipe! Tunu, nipe!" Nilikuwa mimi. Tunu alisimama kabisa. "Kumbe huyu ana sauti!" Akanipa. Nikapiga. Haukuingia, Shangazi, ulipita pembeni. Nikacheka mdomo wazi, wa bluu, na wote wakaniona.

Nilipogeuka kumtafuta Baba, alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa uwanja. Nikashtuka. Kumbe alikuwa anaokota kokoto. Alipata ndoo sijui kwa nani, akaokota mpaka tulipomaliza. Nikaenda kumsaidia kubeba. Nilikuwa nimeshavua kinga, meno yangu yalikuwa yale yale ya chai, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika ndoo. Akasema, "Una meno kama ya shangazi yako." Halafu akanipakia kwenye baiskeli, tukarudi nyumbani.

Jana aliniomba kalamu. Akakaa mezani. "Barua inaanzaje?"

"Kwa salamu, Baba. Kisha habari za nyumbani. Kisha jambo lenyewe."

"Na kama jambo lenyewe ni neno moja?"

Bibi akaita kutoka jikoni, "Xavery, unamwandikia Leonia?"

"Ndiyo, Mama."

"Mambo ya meno?"

Baba akaweka kalamu chini. "Mama. Ulijua?"

"Pale kisimani nilikwenda mwenyewe. Hapakuwa na tone la damu. Maliza kuandika, uji unapoa."

Akaandika. Alinipa ikiwa wazi, akasema niiweke humu. Ni hiyo karatasi ndogo. Aliandika neno moja na jina lake, na ile alama juu ya neno ni jasho, usifikiri nimemwagia chai.

Sasa naruhusiwa. Kila Jumamosi nikiiweka kinga mdomoni nakushukuru, na kwa kuwa wakati huo siwezi kuongea vizuri, nakushukuru sasa.

Mtoto wako mwenye sauti,
Bernadina

*Leonia. Pole. Xavery.*


Moshi
29 Mei 2025

Dina mwanangu,

Marahaba. Pole yako nimeipokea, haijachelewa hata kidogo.

Nimeomba likizo. Nafika Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Juni, na ule unga wa kuchukulia alama za meno, wa kutosha watu kumi na sita. Mwambie Mwalimu Josephine awapange foleni Jumamosi, wasile kitunguu. Nimeazima pia barakoa tatu za uso na kofia moja ya golikipa kwa watu wanaocheza hapa. Tutazitunza, watazitaka zirudi. Muhammad asicheze na miwani kabla sijafika, kioo na jicho havikai pamoja. Mwambie Mama yako safari hii juu ya mzigo nitaandika VIFAA VYA MICHEZO.

Asante kwa kuiweka barua mahali ulipoiweka. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja ya kufikiri, na sikupapata mahali hapo.

Humu ndani kuna karatasi ndogo. Ni ya baba yako. Usimpe mkononi. Iweke chini ya kofia.

Leonia

*Kaka Xavery, shikamoo.*
*Nimeshapoa.*
*Leonia*